Shemeji alisema "nilifanyaga", wazee wakapiga makofi

Shangazi Pelagia, shikamoo.

Naomba msaada wako kabla kicheko hakijaniua. Mimi ni msichana wa miaka kumi na saba, niko kidato cha tatu, nyumbani ni upande wa Suguti karibu na ziwa, ni mtu wa aibu sana, darasani nikiulizwa swali najibu kwa kichwa tu, na nina ugonjwa mmoja ambao kwetu wote wanaujua, nikiogopa nachekaga. Msibani walishanitoa nje. Kwa hiyo ukiona barua hii inachekacheka usidhani nina raha tupu, ingawa na raha pia ninayo, tena nyingi, vimechanganyika vyote viwili na sijui nianze kukutolea kipi.

Naanza na raha. Dada yangu Dafroza anaolewa, harusi ni baada ya Pasaka, na nyumba yetu imekuwa kama nyumba ya vichaa. Gauni limetoka Sirari kwenye mitumba, jeupe mpaka linatia kizunguzungu, na ndani ya shingo kuna jina la mtu limeshonwa kwa uzi, Helga, basi dada akilijaribu sisi wote tunamwita Helga, hata Baba, ambaye alikuwa hajatania tangu sukari ilipopotea madukani, juzi alisema, "Helga, niletee maji ya kunawa," tukaanguka chini. Mama ametoa sandukuni sabuni za rangi ya waridi alizokuwa amezificha, ninyi wa Dar labda hamkufika huko lakini sisi tulifulia majani ya mpapai mpaka nikadhani sabuni ni hadithi ya wakubwa, sasa duka la pale njia panda lina sabuni za rangi nne na mwenye duka anakubembeleza ununue, dunia imepinduka.

Mwanaume anaitwa Kasmiri. Anakusanya sangara mialoni, pale mitumbwi inapoteremshia samaki, na kuwapeleka kwa wanunuzi Musoma mjini, ana nyumba huko huko, Bweri, ya bati, yenye taa ya umeme na friji. Shangazi, nilipelekwa kuiona hiyo nyumba na Mama, nikapewa barafu kwenye kikombe, nikaifunga kwenye leso niwaletee wa nyumbani waione, tukapanda gari, kufika Suguti nina leso mbichi na sketi mbichi na Bibi akaniuliza kama nimejikojolea. Na mimi ndiye nitakayehamia nao. Kwetu bibi harusi huwa anaenda na mdogo wake amsaidie mpaka azoee, na shule yangu iko mjini, sasa hivi tuko likizo, lakini shule ikifunguliwa nakaa bweni ambako maharage yana wenyewe wanaoishi humo ndani, nikiwa Bweri nitakwenda shule kwa miguu yangu na kurudi kwenye taa. Nimeshachagua kona ya kuweka kitanda. Usiku nikifumba macho naiona ile balbu.

Sasa raha imeishia hapo. Kasmiri alifungwa, na alifungwa kwa kubaka.

Haikufichwa. Baba alisema hataki kuja kuambiwa na watu gulioni, kijana aje aseme mwenyewe mbele ya wazee, na kweli alikuja. Wanawake tulikuwa jikoni ila mimi niliingizwa na jagi na beseni la kunawisha, ndiyo maana nilisikia. Alisimama, kofia mkononi, akasema hivi, nayaandika maneno yake kama yalivyo kwa sababu hayajanitoka:

"Wazee wangu, nilifungwa kwa kosa la kumbaka mwanamke, Bunda. Sikuwa namjua, alikuwa anapita tu akitoka gulioni. Sijifichi. Nilifanyaga ujinga ule kwa sababu ya pombe. Pombe nimeacha. Kifungo nimemaliza, na gerezani nimetoka na sifa nzuri, mkitaka mkaulize."

Akalia. Alilia kweli, machozi yalifika kidevuni. Wazee wakapiga makofi. Mzee mmoja akasema, "Mwanaume anayesema hivi mbele ya wakwe, huyo ameiva." Katekista akasema, "Akioa atatulia." Baba akasema, "Basi kuku aletwe, watu wana njaa."

Na mimi nikacheka. Nilikuwa nimeshika beseni mbele ya magoti ya katekista, nikacheka mpaka maji yakamwagika kwenye viatu vyake, nikakimbilia jikoni na Mama akanifinya.

Nilichocheka ni ile "nilifanyaga". Mwalimu wetu wa Kiswahili ametoka Pangani, na hiyo "ga" yetu anaichukia kama nini. Ukiisema darasani anaweka chaki chini, anakutazama, anauliza taratibu, "Umesema ulikulaga? Ukisema nilikula, nimeelewa, umekula, umemaliza. Ukisema nilikulaga, mwanangu, unaniambia ilikuwa desturi yako, ulikula juzi, jana na leo. Sasa ulikuwa na njaa gani hiyo?" Darasa zima linakufa. Kwa hiyo Kasmiri alipoisema mimi niliona chaki inawekwa chini, nikamsikia mwalimu kabisa, "Sasa ulikuwa na..." na ndipo nikacheka.

Nilipofika jikoni kicheko kikanikwama. Nikasimama na beseni tupu. Kwa sababu kama mwalimu ni mkweli, Kasmiri hakusema alifanya. Alisema ilikuwa desturi yake. Na yeye kafungwa kwa mwanamke mmoja. Nikaitafsiri kichwani kwa Kiingereza nione kama itapungua uzito, maana vitu vingine vikiwa kwa Kiingereza vinakuwa kama vya watu wengine, ikatoka "used to", ambayo ndiyo kwanza tumefundishwa muhula uliokwisha, ikazidi kuwa mbaya.

Nikaenda kwa Bibi Nyamburi, mama yake Baba. Sikumwambia kitu, nilimzungukia tu.

"Bibi, mtu akisema nilifanyaga, amefanya mara ngapi?"

"Amefanya nini?"

"Chochote, Bibi. Tuseme amelima."

"Mimi nilizaliwaga hapa hapa Suguti," akasema. "Nimezaliwa mara ngapi?"

"Mara moja."

"Basi. Huyo mwalimu wenu mwambie aje nimzae yeye."

Nikafurahi, Shangazi, nikafurahi mpaka nikamchotea maji bila kutumwa. Ni kweli, sisi huku tunaiweka tu, kama chumvi. Nikarudi kwenye balbu yangu.

Lakini sikio likishazibuliwa halizibiki. Nikaanza kumsikiliza Kasmiri anavyoongea. Anakuja, anamtengenezea Baba redio, anamchotea Mama maji kwa ndoo kichwani, mwanaume mzima, majirani wanakuja kushuhudia, na mimi nimekaa nachambua mchele kumbe nasahihisha vitenzi. "Nilinunua friji kwa Mhindi." Mara moja, hana ga. "Nilihamia Bweri mwaka juzi." Hana ga. "Nilianguka na baiskeli pale mtoni." Hana. Halafu, "Nikiwa mdogo nilivuaga na marehemu baba." Hiyo ya kila siku, ga ipo. Shangazi, yule mtu anaongea kama kitabu cha mwalimu wangu. Alisomaga seminari kidogo. Mara moja tu nilidhani nimemkamata na ga isiyo na desturi, alisema habari ya saa aliyoipoteza, nikataka kurukaruka kwa furaha, lakini redio ilikuwa juu na sina hakika.

Siku ile akaniona namwangalia mdomo. "Unacheka nini, shemeji?"

"Hakuna."

"Cheka tu. Ukija Bweri utacheka vizuri, huko hakuna wazee wa kukukataza."

Ni utani wa shemeji, najua, shemeji wote wanatania hivyo. Nilicheka.

Na kuna vitu vingine ambavyo nilikuwa sivihesabu, sasa vinakuja vyenyewe nikilala. Dada alikataa kwenda Bweri peke yake kuchagua mapazia, akasema atakwenda na Mama, Kasmiri akanuna, hakuja siku nyingi, na aliporudi alimwambia Mama, "Mwanamke akisema hapana huwa anataka kubembelezwa tu, si ndiyo, mama?" Mama akacheka, wote tukacheka, mimi kuwapita. Katekista alimwomba awe anakuja kwenye kikundi cha wanaume wa parokia kinachokaa na waliotoka gerezani, akasema yeye si ng'ombe wa kuchungwa, na Baba akamsifu kwamba ana msimamo. Rafiki hana hata mmoja, alipoulizwa msimamizi wake wa harusi ni nani alisema tumtafutie huku kwetu, kwa kuwa Mugeta alikokaa watu walikuwa na wivu, Bunda walikuwa na wivu, na mwalo aliokuwa anachukulia samaki mwanzo walikuwa na wivu pia. Na bia anakunywa, ile ya Kenya, lakini anasema hiyo si pombe kwa kuwa ni ya chupa.

Dada ana miaka ishirini na saba. Kwetu watu walishaanza kumwuliza kama anangoja malaika. Akimwona Kasmiri anashuka kwenye baiskeli anamtazama kama mtu anayeiona mvua iliyochelewa. Usiku tunalala kitanda kimoja, ananiambia mambo ya mapazia, ananitekenya, ananiita msaidizi wa Helga, na mimi mdomo unakuja mpaka hapa kwenye meno halafu nacheka. Baba hasikilizi mtu isipokuwa dada yake, shangazi yetu Ursula aliyeolewa Butiama, na yeye siku ile ya wazee hakuwepo, alikuwa anaumwa miguu.

Nikinyamaza na ikawa kweli, itakuwaje. Nikisema na ikawa ile ga ni chumvi tu kama ya Bibi, nitakuwa nimevunja harusi ya dada yangu kwa silabi moja, na kumvunjia mtu aliyetubu, na watanicheka Musoma nzima. Na kuna jambo la tatu naona aibu kuliko yote, nikinyamaza nitapata ile nyumba. Je, ninyamaze kwa sababu sina hakika, au ninyamaze kwa sababu ya friji? Sijui ni ipi.

Nisaidie Shangazi, jina langu usiliweke, na majina ya hawa wote uyabadilishe.

Mimi wa Kucheka, Suguti


JIBU LA SHANGAZI PELAGIA

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma nikicheka, na mwisho wake nikaiweka mezani nikanawa uso. Barua nyingi zinangoja kwenye kapu langu. Hii nimeirusha foleni, walioandika kabla yako wanisamehe.

Tuanze na silabi yako. Mimi nimezaliwa Tanga, ga yenu naisikia kwa wasafiri tu, kwa hiyo niliteremka kwenye mtambo wa kuchapia gazeti nikamwuliza mpanga herufi wetu, kijana wa Majita, jirani zenu. Nikamwuliza, mtu akisema nilifanyaga, amefanya mara ngapi? Akasema, "Inategemea." Nikamwuliza inategemea nini. Akasema, "Nilimwambiaga bosi jana hivyo hivyo, naye hakunielewa." Jana moja, bosi mmoja, ga imo. Basi mwalimu wako ana haki yake, bibi yako ana haki yake, na mimi na wewe tumebaki na beseni tupu. Huwezi kumhukumu mtu kwa silabi, wala huwezi kumwachilia kwa silabi. Ila silabi hiyo imefanya kazi moja kubwa, imekuletea swali ambalo chumba kizima cha wazee hakikuuliza: mara ngapi? Swali hilo halikuhitaji mtaalamu wa Kiswahili. Lilihitaji mtu mzima mmoja asiye na haraka ya kuku.

Wazee wenu siwatukani, lakini nitawakaripia, na kama gazeti litawafikia wasome. Walipiga makofi kwa sababu alilia. Machozi ya mtu yanakuonyesha anavyojisikia saa ile, hayakuonyeshi atakachofanya mwakani. Walifurahi kwamba gerezani alikuwa na tabia njema. Gerezani hakuna mwanamke anayepita peke yake akitoka gulioni. Tabia njema mahali ambapo huna nafasi ya kutenda kosa si sababu ya kumpa mtu binti. Na katekista, pamoja na heshima zote, "akioa atatulia" ni neno ambalo nimelisoma kwenye barua nyingi mno, na zote zimeandikwa na wake. Dafroza hakuzaliwa awe dawa ya mtu. Mwanaume aliyetulia ndiye aoe. Asipotulia, ndoa humpa tu nyumba yenye mlango wa kufunga.

Halafu kuna mtu mmoja hamkumfikiria hata kidogo, si wewe, si wao. Yule mama wa Bunda. Siku ile kuku aliliwa, watu wakashiba, na yeye amekuwa "mwanamke mmoja aliyekuwa anapita". Sisemi mkamtafute, mwacheni na amani yake kama ameipata. Nasema mkiwa mnapima, mumweke na yeye kwenye mizani.

Sasa sikiliza, maana wewe umeona vitu kuliko unavyojua. Ulidhani ushahidi wako ni ile ga, na hayo mengine ukaniandikia kama nyongeza. Ni kinyume. Watu wanaokaa na waliofungwa kwa makosa haya, nimezungumza na baadhi yao, hawaangalii sana kama mtu anajuta. Wanauliza ameshafanya kabla? Alimtendea anayemjua au mtu baki wa njiani? Wanamwangalia akiambiwa hapana, hata hapana ndogo ya mapazia, anafanyaje. Moyoni mwake anaamini nini juu ya hiyo hapana, kwamba ni hapana, au kwamba ni kubembelezwa. Ana watu wazima wanaomjua, wanaoweza kumshika koti wakamwambia, wewe, leo sikuelewi? Anatulia kwenye kazi na mahali, au kila kijiji kina wivu? Kile anachokisingizia, pombe, amekiacha au amekibadilisha chupa? Na anakubali kuangaliwa, au anasema yeye si ng'ombe?

Soma tena barua yako. Mwenyewe umejibu karibu yote, ukicheka.

Na usinielewe vibaya. Sisemi Kasmiri atarudia. Hakuna anayejua hilo, na wapo wengi waliofungwa kwa kosa kama lake ambao hawakurudia tena mpaka wakazeeka. Inawezekana anapochota yale maji anachota kwa moyo safi. Lakini waliofaulu, kwa ninavyosikia, hawakufaulu kwa siri wala kwa kiburi. Walifaulu kwa kuwa na kazi ya kudumu, marafiki wanaojua habari yote, na kukubali kuulizwa leo na kesho bila kununa. Mtu anayetaka kupona peke yake, bila kuchungwa na mtu, huyo ndiye wa kuogopa, hata kama ni mkweli.

Na sasa wewe. Wewe nakukaripia kidogo, kisha nakushika mkono. Unaniuliza kama unanyamaza kwa ajili ya friji. Ndiyo, mwanangu, nusu yake ni friji. Umelala bwenini na wadudu, umeonja barafu, una miaka kumi na saba; ungekuwa jiwe kama usingeitaka ile taa. Kuitaka si dhambi. Ila tangu leo kitanda chako kitoe kwenye ile kona. Bweri huendi. Usiende kusaidia kazi, usiende kulala usiku mmoja wa mtihani, na shemeji akitania kwamba huko hakuna wazee wa kukataza, usicheke kumsaidia. Ondoka ukakae alipo Mama. Sisemi alikuwa na nia yoyote. Nasema msichana halazimiki kusubiri ajue nia ya mtu ndipo ahame mkekani.

Kuvunja harusi si kazi yako na wala hukuombwa. Kazi yako ni ndogo, nayo ni ngumu: kumwambia dada yako ulichosikia na ulichoona, yote, pamoja na kwamba huna hakika. Yeye ndiye anayeolewa. Yeye ndiye mwenye haki ya kuuliza mara ngapi, na ya kuogopa au kutoogopa. Ukinyamaza, utakuwa umemwamulia, na umemwamulia kama wale wazee walivyomwamulia, akiwa jikoni.

Baada ya hapo peleka habari Butiama kwa shangazi Ursula, aje hata kwa kubebwa kwenye baiskeli, miguu itamsamehe. Yeye na baba yako waende Bunda, mahakamani, waulize alishtakiwa nini, na kama ilikuwa mara ya kwanza kufikishwa pale. Wakapite na Mugeta, wawaulize wenye wivu walikuwa wanaonea wivu kitu gani. Kisha Kasmiri aitwe tena, safari hii Dafroza akae ndani, kwenye kiti, na aulize mwenyewe. Chakula kiwe bado hakijapikwa. Akijibu vizuri, na majibu yakalingana na ya Bunda, bado ndoa isogezwe mbele mwaka mzima, bia iwekwe chini, kile kikundi cha parokia akiingie na katekista aseme kama anahudhuria. Kama anampenda dada yako, mwaka si kitu. Akikasirika kwa kuulizwa, msimbembeleze arudi. Na ikionekana kuna wanawake wengine, hilo si la wazee tena, hilo ni la polisi, na baba yako apande gari yeye mwenyewe.

Kisimani usiseme neno. Kasmiri usimwulize wewe, hata kwa utani, hata kwa sarufi.

Najua unavyofikiria sasa: nitakata kipande hiki cha gazeti nimwekee dada chini ya mto. Usifanye hivyo. Mimi simjui Dafroza, sijawahi kulala naye kitanda kimoja. Mwambie kwa mdomo wako, mchana, mahali ambapo anaweza kuondoka akitaka. Utacheka, najua. Cheka, halafu endelea kusema. Atakuambia una wivu. Kaa. Atakuambia hujui mapenzi. Kweli hujui, kaa. Akilia mshike, akikufukuza kalale kwa bibi yako, na asubuhi urudi umwulize kama amekunywa chai. Anaweza kukununia mpaka Krismasi. Dada aliyenuna yuko hai ndani ya nyumba unayoweza kuingia, na siku moja atakuuliza, taratibu, "Hebu niambie tena, alisema nini?"